Samaki na Moto wa Tezi ya Koo

Msomaji, weka vidole vyako juu ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo, nyuma ya ngozi na misuli, imelala tezi ndogo yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Wataalamu huiita dundumio. Katika insha hii tutaiita tezi ya koo. Kila kiumbe mwenye uti wa mgongo anayo tezi ya namna hii: ndege anayo, chura anayo, nyoka anayo, na samaki anayo vilevile. Inapokuwa nzima haiumi wala haisikiki, na kwa hiyo watu wengi huishi na kufa pasipo kuikumbuka. Walakini ikipungukiwa na kitu kidogo inachokihitaji, mtoto hudumaa mwili na akili, na mtu mzima huona baridi hata penye jua.

Historia ya namna binadamu alivyoijua kazi ya tezi hii ni ndefu, na aghalabu husimuliwa kwa habari za madaktari na wagonjwa wao. Mimi nataka kukusimulia kwa njia ya samaki, maana samaki waliwafundisha wataalamu mambo mawili. Jambo la kwanza lilisaidia kuokoa shingo za maelfu ya watoto. Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, likawashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 70.

Tuanze na ugonjwa. Tangu zama za kale, watu wakaao milimani, mbali na bahari, walijulikana kwa uvimbe wa shingo uitwao rovu. Katika mabonde ya Uswisi palikuwa na vijiji ambamo shingo nyembamba ilikuwa ni kitu cha kushangaza. Wazee wa tiba walikuwa na dawa moja ya ajabu: walichoma sifongo ya baharini, wakampa mgonjwa majivu yake. Mara nyingi uvimbe ulipungua, lakini hapana aliyejua kwa nini.

Mwaka 1811 Mfaransa mmoja, Bernard Courtois, alikuwa akitengeneza shura ya baruti kwa ajili ya majeshi ya Napoleon. Katika kazi yake alitumia majivu ya mwani. Siku moja alitia tindikali kali kupita kiasi, na mara ukapanda mvuke mzuri wa rangi ya zambarau, ambao ulipopoa uligeuka kuwa chembe nyeusi zing'aazo. Kitu hicho kilipewa jina la iodini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi hiyo. Mwaka 1820 daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, alifikiri kwamba ikiwa sifongo huponya rovu, na ikiwa vitu vya baharini vina iodini, basi huenda iodini yenyewe ndiyo dawa. Aliwapa wagonjwa, na wengi walipata nafuu. Lakini vipimo vya siku zile vilikuwa vikubwa mno, na baadhi ya watu walidhurika. Hivyo dawa njema ikapata sifa mbaya kwa sababu ya kipimo kibaya. Katika miaka ya 1850 Mfaransa mwingine, Adolphe Chatin, alisema wazi kwamba rovu hutokana na upungufu wa iodini katika maji na vyakula vya nchi. Wakubwa wa elimu wa Paris hawakumkubali, na habari ile ikalala.

Wakati huohuo palikuwa na swali jingine: tezi hii hufanya kazi gani hasa? Mwingereza Thomas Wharton, aliyeipa jina lake la kitaalamu mwaka 1656, alidhani kuwa mojawapo ya kazi zake ni kuipamba shingo kwa kuipa umbo la kupendeza. Usimcheke, msomaji. Mtu husema kwa kadiri ya kile anachokiona, naye hakuwa na chombo cha kuona zaidi.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1891 katika mji wa Newcastle, Uingereza. Daktari kijana, George Murray, alikuwa na mgonjwa mwanamke wa umri wa miaka 46 ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Uso wake ulikuwa umevimba, maneno yake mazito, akili yake imepooza, naye aliona baridi wakati wote. Murray alikamua maji ya tezi ya kondoo, akamdunga. Muda si muda mwanamke yule akawa kama aliyeamshwa usingizini. Aliishi miaka 28 zaidi, na katika miaka hiyo alitumia maji ya tezi za kondoo zaidi ya 870.

Mwaka 1895 daktari wa Ujerumani, Adolf Magnus-Levy, alipima hewa wanayovuta na kutoa watu. Aliona kwamba mtu aliyelishwa tezi ya koo hutumia oksijeni nyingi kuliko kawaida yake, na mtu ambaye tezi yake ni dhaifu hutumia kidogo. Katika siku hizohizo, mnamo 1895 na 1896, Eugen Baumann wa mji wa Freiburg aligundua kwamba tezi hiyo ina iodini ndani yake. Sasa vipande viwili vya habari vikakutana: tezi hutengeneza kitu chenye iodini, na kitu hicho huongeza matumizi ya oksijeni mwilini.

Ili tusipotee mbele, natufananishe. Mwili wa kiumbe hai ni kama jiko la makaa. Chakula ndicho makaa, na oksijeni ndiyo upepo uingiao kwa kijilango cha chini. Kijilango kikiachwa wazi, makaa huwaka kwa nguvu na kwisha upesi. Kikifungwa nusu, moto huwa mdogo, na makaa hudumu. Kazi hii ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na joto huitwa umetaboli. Tezi ya koo ni kama mkono ushikao kijilango kile. Hautii makaa wala hauwashi kibiriti. Hupanua au hupunguza njia ya upepo. Na ujumbe unaotumwa na tezi kwa njia ya damu, kwenda katika ini, misuli na moyo, ndio uitwao homoni.

Siku ya tarehe 25 Desemba 1914, Edward Kendall wa Rochester, nchini Marekani, alifaulu kuitenga homoni hiyo katika hali safi ya chembe nyeupe. Ikaitwa thairoksini. Kazi ilikuwa ya jasho: kutokana na tani 3 hivi za tezi za nguruwe, alipata gramu 33 tu. Mwaka 1926 Charles Harington wa London alieleza ilivyojengwa: kila molekuli yake ina atomi 4 za iodini, na karibu thuluthi mbili za uzito wake ni iodini. Basi sifongo iliyochomwa ilikuwa ikiwapa watu kitu ambacho tezi yao ilikuwa ikikililia.

Na sasa tuwageukie samaki. Yuko samaki aitwaye trauti, apendaye mito ya maji baridi na safi. Katika Kenya si mgeni tena, ingawa si mzaliwa: mayai ya trauti yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, yakatiwa katika mito ya milima ya Nyandarua. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, jamaa yake mmoja wa mito ya kule alifugwa kwa wingi katika mabwawa. Wafugaji wakapatwa na msiba. Samaki wao walianza kuota uvimbe chini ya koo. Uvimbe ulikua, ukatokeza nje kati ya matamvua, na samaki wengi walikufa.

Wataalamu walipokata uvimbe ule na kuutazama kwa darubini, waliona jambo la kutisha. Chembe za tezi zilikuwa zimeenea katika misuli, katika mifupa, na kando ya mishipa ya damu. Kwa daktari wa binadamu, tezi inayovuka mipaka yake na kuingia katika nyama nyingine ni dalili ya saratani. Kwa hiyo walisema kwamba hiyo ni saratani, tena baadhi yao, akiwemo Harvey Gaylord wa mji wa Buffalo, waliamini kuwa huambukizwa kwa maji kutoka samaki mmoja hadi mwingine. Fikiri, msomaji, hofu iliyoweza kutoka humo. Ikiwa saratani huambukizwa kwa maji, ni nani atakayethubutu kunywa maji ya mto?

David Marine, daktari wa Cleveland, pamoja na mwenzake Carl Lenhart, hawakuridhika. Walikwenda kwenye mabwawa ya Pennsylvania, wakatazama samaki pale walipoishi. Maji yalitiririka kutoka bwawa la juu kwenda la chini, na kila yalivyoteremka ndivyo yalivyozidi kuwa machafu. Wakaona kwamba katika bwawa la juu wagonjwa walikuwa wachache, na katika mabwawa ya chini walikuwa wengi. Waliona tena kwamba samaki wa mwituni, waliojitafutia chakula mitoni, hawakuwa na uvimbe ule, ilhali wa mabwawani walilishwa ini na moyo wa mifugo na kusongamana mno. Kisha wakafanya jaribio jepesi kuliko yote: walitia iodini kidogo katika maji. Uvimbe ukaanza kunywea. Habari hii waliitangaza mwaka 1910. Baadaye, mwaka 1914, Marine alionyesha kwamba samaki wa mabwawani wakilishwa nyama ya samaki wa baharini, ambayo ina iodini, ugonjwa huzuilika. Haikuwa saratani. Ilikuwa rovu, ndiyo ile ya mabonde ya Uswisi.

Lakini kwa nini darubini iliwadanganya wataalamu? Jibu limo katika umbile la samaki. Tezi ya binadamu imefungwa ndani ya ngozi yake nyembamba, kama embe ndani ya ganda. Tezi ya samaki walio wengi haina ganda. Vijifuko vyake vimetawanyika chini ya koo, kufuata mshipa mkubwa upelekao damu kwenye matamvua, mfano wa mbegu zilizomwagika kando ya njia. Daktari J. F. Gudernatsch alieleza jambo hili kwa makini mwaka 1911. Mbegu hizo zikivimba, huonekana kama zinavamia misuli na mifupa, kumbe tangu asili hazikuwa na ukuta wa kuzizuia. Waliomwita trauti mgonjwa wa saratani hawakukosa macho. Walimpima samaki kwa kanuni ya mwili wa binadamu.

Marine hakuishia kwa samaki. Alijiuliza kama kipimo kidogo cha iodini, kisicho na madhara ya zile dawa za Coindet, kinaweza kuzuia rovu kwa watoto. Mwaka 1917, yeye na mwanafunzi wake O. P. Kimball walianza kazi katika shule za mji wa Akron, jimbo la Ohio, penye rovu nyingi. Wasichana ambao wazazi wao waliridhia walipewa dawa ya iodini kwa siku chache, mara mbili kwa mwaka. Baada ya miaka mitatu hivi hesabu ilikuwa hivi: katika wasichana 2,190 waliopewa, ni 5 tu walioota uvimbe, katika wasichana 2,305 wasiopewa, walioota uvimbe walikuwa 495. Hesabu kama hiyo haihitaji msemaji. Mwaka 1922 watu wa Uswisi walianza kutia iodini katika chumvi, na mwaka 1924 jimbo la Michigan, nchini Marekani, likafuata. Nchi nyingi zilifanya hivyo baadaye. Katika Kenya, sheria ya kutia iodini katika chumvi ya chakula ilianza mwaka 1978. Katika Tanzania watu huiita iodini madini joto, na jina hilo ni la hekima, maana ndani yake mna kumbukumbu ya moto tuliousema.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. La pili linahusu moto wenyewe.

Baada ya kazi ya Magnus-Levy, wataalamu walithibitisha mara nyingi kwamba homoni ya tezi huongeza matumizi ya oksijeni kwa binadamu, mbwa, panya na sungura. Walidhani wamepata kanuni ya viumbe wote. Dalili nyingine ilitoka kwa Gudernatsch yuleyule. Mwaka 1912 alieleza kwamba viluwiluwi wakilishwa tezi ya koo ya farasi hugeuka kuwa vyura kabla ya wakati wao, vyura wadogo kuliko kawaida. Basi tezi ile ilikuwa na nguvu hata kwa viumbe wa majini wenye damu baridi. Kilichosalia, walidhani, ni kumtia samaki katika chombo cha maji, kumpa homoni, na kupima oksijeni inayopotea.

Walipima, na samaki hawakukubaliana. Mwaka 1940 wataalamu watatu wa Marekani waliwalisha tezi samaki wale wadogo wa dhahabu wafugwao katika vyombo vya kioo. Matumizi yao ya oksijeni hayakuongezeka. Mwaka 1948 Dietrich Smith na Samuel Matthews walijaribu njia nyingine. Walimtumia pono. Msomaji wa pwani anamjua pono na anaujua usingizi wake uliotiwa katika msemo. Huyu ana jambo la pekee: tezi yake haikutawanyika kama ya samaki wengine, bali imekusanyika mahali pamoja, na kwa hiyo ni rahisi kuipata. Walikamua tezi za pono, wakawadunga samaki wa aina nyingine wa miambani. Safari hii matumizi ya oksijeni yaliongezeka. Majaribio mengi yakafuata katika nchi mbalimbali, wengine wakisema ndiyo, wengine wakisema siyo, na wengine wakisema moto umepungua.

Kwa nini pawe na ugomvi wa namna hii juu ya jambo la kupimika? Sababu ni kadha wa kadha. Kwanza, samaki aliyetolewa bwawani na kutiwa katika chupa huingiwa na hofu, akapigapiga mkia, na moyo ukamwenda mbio. Hapo hujui kama unapima homoni au unapima hofu. Pili, ili kujua kazi ya tezi inafaa uiondoe, uone mwili unafanyaje bila ya tezi. Panya hupasuliwa na tezi yake ikatolewa. Samaki mwenye mbegu zilizotawanyika utampasua wapi? Tangu miaka ya 1940 zilitumika dawa za kuizuia tezi isifanye kazi, lakini dawa hizo huenda nazo zina madhara yake katika viungo vingine, zikachanganya hesabu.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Binadamu na panya wana joto lao wenyewe. Sisi huunguza chakula ili mwili ukae kwenye nyuzi 37, mvua inyeshe au jua liwake. Samaki, isipokuwa wachache kama jodari, huchukua joto la maji yaliyomzunguka. Hana haja ya kuupasha moto mwili wake, na hata angetaka, gharama ni kubwa. Lita moja ya hewa ina mililita 210 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji matamu, hata yakiwa baridi na safi, haina zaidi ya mililita 10 hivi, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo oksijeni inavyopungua. Samaki anayefungua kijilango cha jiko lake bila sababu ni kama mtu anayechezea maji ya mtungi wakati wa ukame.

Hata hivyo homoni haikukosa kazi kwa samaki. Elimu ya miaka ya baadaye imefunua utaratibu wa ajabu. Mwaka 1952 Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers wa London waliitambua homoni nyingine ya tezi, yenye atomi 3 za iodini badala ya 4, na yenye nguvu kuliko thairoksini. Ikafahamika kwamba thairoksini ni kama pesa iliyowekwa akiba: mwili huivunja kwa kuinyofoa atomi moja ya iodini, na hapo ndipo inapofanya kazi. Kwa samaki, tezi hutoa hasa thairoksini, na uamuzi wa kuivunja hufanywa katika ini na viungo vingine kwa msaada wa vimeng'enya. Homoni iliyovunjwa huingia ndani ya seli, ikafika katika kiini, ikaamuru ni vitu gani vitengenezwe na vingapi. Mwili wa samaki kwa hiyo unayo namna ya kuongeza au kupunguza moto pasipo tezi yenyewe kubadili mwendo wake.

Mfano mzuri ni njaa. Trauti akinyimwa chakula kwa siku kadhaa, homoni ya atomi 3 hupungua katika damu yake. Akilishwa tena, hupanda. Samaki mwenye njaa hufunga kijilango ili makaa machache aliyonayo yadumu. Akipata shibe hukifungua, akakua na kujenga nyama. Mtu anayefuga samaki katika bwawa lake huona wanene au wakonde, wala haoni hesabu hiyo ndogo inayofanyika ndani ya ini.

Mfano wa pili ni safari. Samaki wa samoni huzaliwa mtoni katika maji matamu, kisha hushuka kwenda baharini. Kabla ya safari hupoteza madoa yake ya mtoni, akavaa rangi ya fedha. Mwaka 1939 William Hoar alionyesha kwamba wakati huo tezi yake hufanya kazi kwa bidii kubwa. Mfano wa tatu ni gayogayo, samaki bapa alalaye mchangani. Mtoto wake huzaliwa akiwa na jicho moja kila upande, akaogelea wima kama samaki wengine. Kisha jicho moja huhama na kujiunga na la pili, na mwili ukalala ubavu. Mwaka 1985 wataalamu wa Japani walithibitisha kwamba ni homoni ya tezi inayoamuru badiliko hilo, kama ilivyoamuru viluwiluwi kuwa vyura. Mabadiliko hayo yote hula nguvu nyingi, na tezi ndiyo inayoziachilia nguvu hizo na kuonyesha zitumike wapi.

Na ule ugomvi wa oksijeni je? Mwaka 2013 Alexander Little, Frank Seebacher na wenzao walitangaza habari za samaki mdogo mwenye milia, ambaye asili yake ni mito ya Bara Hindi. Waliwazoesha baadhi ya samaki hao maji ya nyuzi 18, ambayo kwao ni baridi, na wengine maji ya nyuzi 28. Kisha wakazizuia homoni zao. Katika maji ya baridi, samaki waliokosa homoni walishindwa kuogelea vyema kama wenzao, na uwezo wa miili yao wa kutoa nguvu ukapungua. Waliporudishiwa homoni walipata nafuu. Katika maji ya joto upungufu haukuonekana kwa kiasi kile. Maana yake ni nini? Baridi hupunguza kasi ya kila kazi ya mwili wa samaki. Hapo ndipo homoni inapofungua kijilango, ili samaki aweze kuogelea, kuwinda na kukimbia adui ingawa maji yamepoa. Katika maji ya joto moto unatosha, na mkono hauna sababu ya kukigusa kijilango kwa nguvu.

Sasa fikiri juu ya wale waliobishana. Yawezekana aliyesema ndiyo na aliyesema siyo wote walipima sawasawa, ila walipima samaki tofauti, katika maji ya joto tofauti, wengine wakiwa wameshiba na wengine wana njaa. Waliuliza, homoni hii huongeza moto wa samaki? Swali lililofaa lilikuwa: huongeza moto wa samaki yupi, katika maji gani, na kwa kazi ipi? Samaki hakuwa mkaidi. Aliulizwa swali la panya, naye akajibu kwa kadiri ya hali yake.

Utaona basi kwamba mafundisho yale mawili yana shina moja. Wataalamu wa Buffalo walimtazama trauti kwa macho ya daktari wa watu, wakaona saratani pasipokuwa na saratani. Wapimaji wa oksijeni walimtarajia samaki awe na jiko kama la panya, wakashangaa alipokataa. Marine alipata ukweli kwa sababu alitoka katika chumba cha darubini, akaenda bwawani, akauliza samaki huyu anakula nini, anaishi katika maji gani, na mwenzake wa mwituni yuko katika hali gani. Wewe unayesoma elimu ya viumbe leo utapewa kanuni nyingi vitabuni, nazo zimepatikana kwa taabu, uziheshimu. Lakini kila kanuni ilipimwa kwa kiumbe fulani, mahali fulani, na inafaa ujue ni wapi.

Na leo jioni, chumvi itakapotiwa katika mboga nyumbani kwenu, kumbuka kwamba ndani ya ule mnyunyizo mdogo mna kitu kilichopanda kwa mvuke wa zambarau kutoka katika majivu ya mwani, na kwamba trauti wagonjwa wa mabwawani walikuwa miongoni mwa walioonyesha njia yake ya kufika jikoni mwenu. Kiasi chake hakionekani kwa macho. Hata hivyo mtoto aliye tumboni mwa mama hukihitaji ili ubongo wake ujengeke, na akikikosa hakuna shule itakayomrudishia alichopoteza. Ufunike mkebe wa chumvi usiingiwe na unyevu, maana iodini hupotea. Na ukiulizwa sababu, sasa unayo.